Wifi anasema maandazi yangu ndio yanamzuia mwanangu kuongea

Shikamoo Anti, naomba usome yote hata kama ni ndefu maana huku nyumbani kila nikianza kuliongea hili naambiwa nyamaza.

Mimi nakaa Ngamiani hapa Tanga, nina watoto wawili, mkubwa binti hana shida, mdogo wa kiume ana miaka mitano na kidogo, ana usonji, ile hali wanayoiita autism. Tulithibitishiwa Dar mwaka juzi baada ya kuzunguka sana, huyu anasema watoto wa kiume huchelewa kuongea, yule anasema ana jini apelekwe akasomewe, mpaka tukampata daktari akakaa naye akamwangalia kwa utulivu akatuambia. Maneno anayo machache, maji, twende, hapana, na jina la dada yake analolitamka anavyojua mwenyewe. Ni mtoto mpole Anti. Baiskeli zikipita anasimama mlangoni anaangalia matairi yanavyozunguka anacheka peke yake, na Tanga hii baiskeli haziishi kwa hiyo kwa hilo yuko vizuri.

Sasa kazi yangu. Nauza chapati na maandazi, saa tisa usiku nakanda, saa kumi na mbili niko barazani, wateja wangu ni bodaboda, walimu, na wanaoteremka soko la Mgandini. Mume wangu ni kibarua, siku kuna siku hakuna, kwa hiyo unga huo ndio unasomesha binti na ndio uliotupeleka Dar kwa daktari. Na mtoto mwenyewe ndicho anachokula. Chapati anaibandua tabaka kwa tabaka anaitandaza sahanini, penye doa jeusi la chuma anapang'oa anaweka pembeni, kinachobaki anakula. Andazi anataka la jana, la moto hataki. Chipsi za banda moja tu hapo mtaani, ukimletea za banda jingine anazinusa anakurudishia. Na maziwa. Ana kikombe chake cha bluu, kikiisha anakuletea tena, kwa siku lita inaisha na inavuka. Basi hapo ndio mwisho wa vyakula vyake. Wali haugusi, ugali haugusi, samaki hata harufu tu anatoka nje, na nyumba ya Tanga bila samaki unapika nini.

Wifi yangu yuko Maskati anafanya kazi, ananipenda sisemi uongo, ndiye alitutumia hela ya kumpima mtoto masikio. Siku za karibuni akaanza kunitumia klipu WhatsApp. Mama mmoja Mmarekani mtoto haongei, akamtolea ngano na maziwa, baada ya wiki tatu mtoto anaimba. Klipu nyingine hivyohivyo, nyingine hivyohivyo. Mwisho akaniunganisha na mtu anajiita mshauri wa lishe, yuko mtandaoni tu, huyo akaniambia ngano ina kitu inaitwa glutini na maziwa yana keseini, eti vikiingia tumboni kwa mtoto mwenye usonji vinageuka kama madawa ya kulevya vinapanda kichwani, ndio maana mtoto yuko kwenye dunia yake, na ndio maana anang'ang'ania vyakula hivyo tu, ameshakuwa teja. Anti niliposikia teja niliishiwa nguvu. Anayemkandia huo unga kila usiku ni mimi mama yake.

Kifurushi cha mwezi ni 350,000, kina unga usio na ngano, maziwa ya unga ya lozi na vidonge vya kusafisha utumbo. Wifi akalipia cha kwanza. Vile vidonge niliogopa nikampa mara chache nikaacha, ila chapati na maziwa nilivikata vyote siku moja kama nilivyoambiwa. Ule unga ukikandwa haushikani, chapati inakatika kama biskuti iliyonyeshewa, mtoto akaiangalia tu akaondoka. Hakula. Wiki hii ya pili anaishi kwa chipsi na maji, uso umekuwa mdogo, suruali inamvuka. Namwambia mshauri ananijibu vumilia mama hiyo ni sumu inatoka. Mama mkwe ananipigia kelele mpe mtoto chakula chake, mume wangu anasema tumeshaanza tusirudi nyuma na anataka tukope kikoba tulipie kifurushi cha pili.

Ila kuna jambo Anti ndilo linanichanganya, bila hilo ningeshaacha. Mwanangu alikuwa na shida ya choo, siku nne siku tano hapati, akienda anasimama nyuma ya mlango amekaza miguu anatoka jasho analia, na usiku anaamka saa saba anajing'ata mkono. Tangu tumekata hivi vitu choo kimelainika, na usiku analala. Wallahi analala mpaka mimi naamka kukanda yeye yuko usingizini. Sasa si ndio dawa inafanya kazi hiyo? Niendelee mwanangu akonde lakini aje aongee, au niache? Na biashara yangu niifunge, maana mshauri anasema hata vumbi la unga ndani ya nyumba linamdhuru.

Nimesahau, shule ya awali anayokwenda wanapewa uji saa nne, huo aliuanza mwenyewe akawa anakunywa robo kikombe, nikamkataza mwalimu asimpe. Nilifanya sawa?

Mama Maandazi, Ngamiani, Tanga

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kabla sijasema lolote, leo hiihii mrudishie mtoto chapati yake, ya ngano, ya kwako, na andazi la jana. Mtoto wa miaka mitano anayekula vitu vinne tu ukimwondolea vitatu anabaki anashinda njaa, hakuna sumu inayotoka hapo, kinachotoka ni mwili wake. Kesho au keshokutwa mpeleke kliniki ya watoto hospitali ya mkoa, Bombo, wampime uzito na wingi wa damu, na hivyo vidonge vya kusafisha utumbo vitie kwenye mfuko uende navyo daktari asome kimeandikwa nini, asante Mungu uliviogopa. Huko duniani kuna watu wanawauzia wazazi wa watoto wenye usonji mpaka dawa za klorini, jamii ya zile za kung'arishia nguo, wawanyweshe watoto, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo juu yake zaidi ya mara moja, 2019 mojawapo. Sisemi chako ndicho hicho, nasema tu mtu anayeuza kitu cha kusafisha utumbo wa mtoto ambaye hajawahi kumgusa tumbo mimi simwamini.

Sasa tuje kwenye hilo linalokuchanganya, maana ndilo lenye maana kuliko yote uliyoandika. Choo kimelainika na usingizi umekuja. Nakuamini, mama anajua mwanawe amelala au hajalala. Lakini hebu turudi nyuma, huyu mtoto alikuwa anakunywa lita ya maziwa na zaidi kila siku. Mwanangu hayo ni mengi mno. Umri wake wataalamu wanapenda asizidi nusu lita hivi, yaani vikombe viwili. Akizidisha tumbo linajaa maziwa, hana nafasi ya chakula kingine, maziwa yenyewe hayana nyuzinyuzi na madini ya chuma ni kidogo mno, matokeo yake ni choo kigumu na damu kupungua. Tena wapo watoto ambao hata maziwa ya kawaida tu yanawafunga choo. Italia, mji wa Palermo, mwaka 1998 madaktari walichukua watoto 65 wenye choo kigumu cha muda mrefu, wakawapa maziwa ya ng'ombe kwa zamu na maziwa ya soya kwa zamu, watoto 44 choo kikafunguka walipokuwa kwenye soya na walipokuwa kwenye ng'ombe hata mmoja hakupona. Na hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya usonji, walichaguliwa kwa sababu ya choo.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, ulivyokata lita nzima ya maziwa tumbo likapumua, maumivu yakaisha, akalala. Mtoto asiye na maneno tumbo likimuuma saa saba usiku atakwambiaje? Anajing'ata mkono. Watu wengi wanaona mtoto mwenye usonji anajipiga au anajing'ata wanasema ndio ugonjwa wake huo, kumbe mara nyingi ni jino, sikio au choo. Hilo umeligundua wewe, na ulibebe mpaka kwa daktari vilevile ulivyoniandikia mimi, siku nne siku tano, nyuma ya mlango, jasho. Atambonyeza tumbo aone kama kuna choo kimegandamana ndani, na ipo dawa ya maji ya kulainisha, laktulosi, wanawapa watoto siku zote, kwa kipimo na kwa muda anaosema yeye, usiikatize siku choo kikilainika mara moja. Na kama kuna damu kwenye choo, anatapika, tumbo limevimba, au uzito unaendelea kushuka hata baada ya kumrudishia chakula, usisubiri tarehe ya kliniki.

Maziwa yenyewe usiyakate yote. Na Tanga jamani, mji wa maziwa, tukae tunamnyima mtoto maziwa tununue ya lozi ya unga kutoka mbali! Mpunguzie. Kikombe kilekile cha bluu, usikibadilishe, ila unatia nusu badala ya kujaza, na baada ya chakula badala ya kabla, polepole mpaka ufike vikombe viwili kwa siku. Kama choo kikirudi kuwa kigumu hata kwa hayo machache, hapo ndipo daktari anaweza kusema tujaribu bila maziwa kabisa kwa muda fulani, na atakwambia kalsiamu ataipata wapi. Mtoto wa umri huu vitabu vya Marekani vinamtakia miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, kikombe kimoja cha maziwa kina kama 300. Tui la nazi halina hiyo, watu wengi wanadhani kwa kuwa jeupe basi ni maziwa. Dagaa wanaoliwa na miba yao wanayo, mtindi unao, soya iliyoongezewa kalsiamu inayo. Mwaka 2008 huko Marekani walitoa matokeo ya kupima mifupa ya wavulana wenye usonji wa miaka 4 hadi 8, ikaonekana ni myembamba kuliko inavyotakiwa, na waliokuwa wamekatazwa maziwa ndio wenye hali mbaya zaidi. Huo ndio upande wa habari ambao klipu haikuonyeshi, kwa sababu mfupa mwembamba hauimbi kwenye video.

Haya, teja. Hiyo hadithi sio mshauri wako aliyeitunga, ina historia yake. Mwaka 1979 mwanasayansi Jaak Panksepp aliona kwamba baadhi ya tabia za watoto wenye usonji zinafanana na za wanyama waliopewa dawa za jamii ya morfini, ile dawa ya maumivu inayolevya, akatoa wazo. Baadaye wengine wakaongezea kwamba ngano na maziwa vikisagwa tumboni vinatoa vipande vidogo vya protini vyenye umbo la kufanana na dawa hizo, vinavuja kwenye utumbo vinapanda kichwani. Wazo sio dhambi, ukiwa na wazo unalipima. Wakalipima. Kama vile vipande vinazunguka kwenye damu ya mtoto basi vitoke kwenye mkojo, Uingereza mwaka 2008 wakapima mkojo wa watoto wenye usonji na wasio na usonji, hawakuvikuta. Sasa mwaka huu tulionao mtu anakuuzia wazo la 1979 kwa 350,000 kana kwamba limetoka jana.

Na kung'ang'ania vyakula vichache sio uteja. Watoto wenye usonji ndivyo walivyo wengi wao, uchaguzi wa chakula kwao uko juu mara nyingi kuliko watoto wengine, kwa sababu ya ulimi na pua na macho yao yanavyopokea vitu. Chapati yako kila siku ni ileile, laini ileile, harufu ileile. Wali kila punje iko peke yake kinywani, samaki leo ana miba kesho hana, leo changu kesho kibua. Mtoto anachagua kisichomshtua. Angekuwa teja wa glutini angekula andazi la moto na chapati yenye doa, mbona anazirudisha?

Utaniuliza, na wale wa kwenye klipu je, wanadanganya? Hapana, wengi hawadanganyi. Norway mwaka 2002 walichukua watoto 20, nusu wakawaweka kwenye chakula kisicho na glutini na keseini mwaka mzima, wazazi wakasema wameona mabadiliko na vipimo vikaonyesha nafuu. Shida ni kwamba wazazi walijua mtoto wao yuko upande gani, na mzazi aliyehangaika mwaka mzima na unga lazima aone kitu, mimi mwenyewe ningeona. Ndipo wengine wakafanya kwa kuficha. Florida, 2006, watoto 15, wiki 12, chakula kinaletwa nyumbani kimeandaliwa na wala mzazi hajui ni wiki za ngano au wiki zisizo na ngano. Vipimo havikuonyesha tofauti, lakini baadhi ya wazazi waliapa wameona mtoto amebadilika, hata walipoambiwa majibu wapo waliotaka kuendelea. Umeona hapo? Halafu Rochester, jimbo la New York, majibu yakatoka 2016, watoto 14 wadogo wa miaka 3 hadi 5, wakala chakula kisicho na vitu hivyo kwanza, kisha wakawa wanapewa vitafunio vya siri, vingine vina ngano, vingine maziwa, vingine vyote, vingine havina kitu, mzazi hajui mwalimu hajui. Usingizi uleule, choo kilekile, tabia ileile. Ni watoto wachache kila mahali, hilo nakubali, lakini hata taasisi ya Uingereza inayowaandikia madaktari miongozo ilipokaa 2013 haikusema tujaribu tuone, iliandika wazi kwamba usitumie chakula cha kuondoa glutini au keseini kama tiba ya usonji wenyewe.

Na jambo jingine, watoto wa miaka mitano wanakua. Mtoto atakayesema neno jipya mwezi huu angeweza kulisema hata kama angekula maandazi. Ukimpa muhogo badala ya ngano leo na neno likaja wiki ijayo utaupa sifa muhogo.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Upo ugonjwa wa kweli unaoitwa seliaki, mtu akila ngano au shayiri kinga ya mwili inashambulia utumbo wake, mtoto anakonda, tumbo linavimba, anaharisha au hata anafunga choo, damu inapungua. Mwenye huo anaacha ngano maisha yake yote na ni halali kabisa. Unapimwa kwa damu, sio kila maabara wanacho hicho kipimo ila daktari ndiye atajua kama kuna haja na wapeleke wapi. Lakini kipimo hicho kinataka mtu awe anakula ngano kwa wiki kadhaa, ukishaikata kinaweza kusema hana wakati anao. Sababu nyingine hiyo ya kurudisha chapati leo. Hao watu wa vifurushi hili hawalisemi hata siku moja, wanaanza kwa kukata, na ukishakata hakuna tena wa kujua.

Kama baba watoto bado anang'ang'ania, na wanaume wa Kitanga ukimkatalia kavukavu mnagombana mpaka Idi, basi mwambie hivi, tutajaribu lakini kwa utaratibu na afisa lishe wa hospitali akijua. Mtoto kwanza arudi uzito wake, choo kitibiwe mpaka kikae sawa, vipimo viishe. Ndipo kitolewe kitu kimoja tu, sio viwili, maana nyie mmetoa viwili kwa pamoja ndio mnabishana sasa hivi hamjui kipi kilifanya nini. Muweke tarehe ya mwisho kabla hamjaanza. Nunua daftari la shule, kila usiku unaandika choo, saa alizolala, maneno, na mwalimu wake aandike yake bila kuambiwa mtoto anakula nini. Tarehe ikifika mnasoma madaftari mawili, na kama hakuna kitu mnarudisha. Na hamhitaji unga wa kigeni hata chembe. Sisi watu wa pwani nusu ya vyakula vyetu havina ngano tangu enzi, muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, mkate wa kumimina, vitumbua vya mchele, bagia za dengu, ugali wa sembe au mtama. Ila chunga, siku hizi wauza vitumbua wengi wanachanganya unga wa ngano na bagia hivyohivyo, na bokoboko ni ngano tupu, na unga wa lishe wa pakiti wengi wanasaga humohumo na ngano, soma nyuma ya pakiti au saga wako. Jingine watu hawalijui, unga wa ngano wa viwandani hapa kwetu unaongezewa madini ya chuma na foliki asidi kwa sheria, ukimtolea mtoto unamtolea na hivyo, ndio maana nasema afisa lishe awepo.

Mimi ningekuwa wewe nguvu hizo ningezipeleka kwenye kumwongezea vyakula badala ya kumpunguzia. Unaanzia pale alipo. Anakula chapati yako, vunjia yai kwenye unga wa chapati zake mbili, siku nyingi zikipita bila ugomvi tia kijiko cha unga wa dengu, akiona tofauti rudi nyuma kidogo. Anakula chipsi, kaanga chipsi dume, ukate muhogo upana uleule wa zile za banda, weka kipande kimoja pembeni ya sahani usimwambie kitu. Akikitupa sawa. Kesho weka tena. Kukubali kitu kikae karibu yake ni hatua, kukigusa ni hatua, kukinusa na kukilamba ni hatua, kumeza kunakuja mwisho na kunaweza kuchukua wiki nyingi, na usimfunge mikono wala kumbana pua kama wanavyofanya wengine, ukimlazimisha mara moja atakikataa hicho na ataikataa na chapati kwa kukushuku. Saa ileile, mkeka uleule, simu na TV vimezimwa, na nyie mnakula naye.

Wifi yako usimkosee adabu, ana moyo, tena wa vitendo. Mpigie, usimwandikie, mwambie wifi nashukuru, choo na usingizi vimekuwa afadhali tumegundua maziwa yalizidi, ila mtoto amekonda kwa hiyo daktari anamwona, na hela ya kifurushi ningeomba iwe nauli na malipo ya mtaalamu wa mazungumzo na wa tiba kwa vitendo. Hao ndio wanaofundisha mtoto njia ya kusema anachotaka, kwa mdomo, kwa mkono au kwa picha, na huyo wa tiba kwa vitendo ndiye anayejua habari za watoto wanaokataa punje za wali. Hapo Bombo ulizia wapo lini, kama hawapo wakupe rufaa Muhimbili au KCMC Moshi. Na kikoba msikope. Deni la kikoba kwa ajili ya maziwa ya lozi ambayo mtoto hayanywi, hapana kwa kweli.

Biashara usifunge. Vumbi la unga linasumbua mwenye seliaki iliyothibitishwa au mwenye pumu ya unga, mwanao hajathibitishwa hata kimoja. Usonji unaanza kabla mtoto hajazaliwa kwa sehemu kubwa, urithi una nafasi kubwa, hakuna andazi lililouleta. Zamani wasomi wa Ulaya na Marekani walishawahi kuwasingizia akina mama kwamba eti ubaridi wao kwa watoto ndio unaoleta usonji, wakaja kuumbuka, leo wamehamia jikoni kwa mama yuleyule. Saa tisa yako kanda kama kawaida, na ukipata wateja wa vitumbua vya mchele ongeza, ni hela tu hiyo haina uhusiano na mtoto.

Uji wa shule sasa. Mtoto asiyekula ugali wala wali, kwa hiari yake, mbele ya wenzake, ameanza kunywa robo kikombe cha uji, na nyie mkamkataza! Kesho asubuhi ukimpeleka mwambie mwalimu ampe, kikombe kilekile alichokuwa anampa na kiasi kilekile, asimwongezee kwa furaha akamtisha, na umuulize uji wao wanapika kwa unga gani na wanauweka mzito kiasi gani, ili jioni nawe ujaribu kupika wa hivyohivyo nyumbani.